Saini Niliyoombwa Kabla ya Mkutano Mkuu

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya kupima programu jijini Dar es Salaam, hakuna bosi aliyewahi kuniita ofisini kwake akaniambia nidanganye. Nilichoambiwa, mara nyingi na kwa upole, ni kwamba tarehe haisogei. Wanaofundisha maadili ya taaluma hupenda kumchora mhandisi mwema akikabiliana na mkubwa mwovu, na pengine wakubwa wa namna hiyo wapo. Lakini niliokutana nao mimi walikuwa watu wa kawaida waliobanwa na mishahara ya mwisho wa mwezi, na shinikizo walilonishushia lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye mkataba muda mrefu kabla hitilafu ya kwanza haijaonekana.

Mfumo ninaotaka kuueleza ulikuwa wa chama cha akiba na mikopo chenye matawi kadhaa, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kikiendesha hesabu zake kwa leja za karatasi. Kampuni yetu ndogo ilipewa kazi ya kukijengea programu ya kupokea marejesho ya mikopo kwa njia ya simu, ili mwanachama asilazimike kwenda dirishani na bunda la noti mkononi. Mkataba ulisema kwamba awamu ya pili ya malipo, ambayo ndiyo ilikuwa kubwa, ingetolewa siku ya uzinduzi, na uzinduzi ulipangwa kufanyika kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kukubali mwaliko. Turubai lilikuwa limelipiwa, fulana zilikuwa zimechapishwa zikiwa na tarehe mgongoni, na kadi zilikuwa zimefika hadi kwa viongozi wa wilaya. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na taasisi za kwetu anajua kwamba unaweza kusogeza karibu kila kitu isipokuwa mgeni rasmi.

Hitilafu yenyewe ilijionyesha alasiri moja neti ilipokuwa ikikatikakatika. Keshia akishaingiza namba ya mwanachama na kiasi cha rejesho, mfumo wetu ulituma ombi kwa kampuni ya simu, mwanachama akapokea ujumbe kwenye simu yake, akaingiza namba ya siri, kisha jibu likarudi kwetu. Jibu likichelewa kupita nusu dakika, skrini ya keshia iliandika kwa rangi nyekundu kwamba muamala haujafanikiwa. Haikuwa kweli. Muamala ulikuwa bado uko njiani, na mara nyingine ulifanikiwa dakika moja baadaye, wakati keshia amekwisha kubonyeza tena na mwanachama amekwisha kuingiza namba ya siri kwa mara ya pili. Mfumo ulikuwa umeandikwa kuchukulia kimya kuwa ni kukataliwa. Jibu lililochelewa lilipofika halikuwa na mahali pa kukaa, kwa sababu ombi lake lilikuwa limekwisha kufutwa. Pesa zilikuwa zimetoka kwa mwanachama na kuingia kwenye akaunti ya chama, lakini kwenye leja ya mkopo wake hapakuwa na kitu.

Tulijaribu kuirudia kwa makusudi. Kijana aliyeandika sehemu hiyo alikaa na simu mezani, nami nikapiga magoti chini ya meza nikiwa nimeshika waya wa ruta. Alipobonyeza kitufe cha kuthibitisha, nilihesabu kimoyomoyo, nikachomoa waya, kisha nikaurudisha. Mara nyingi hakikutokea kitu cha ajabu. Nikichomoa mapema mno, ombi halikutoka kabisa. Nikichelewa, jibu lilikuwa limekwisha kuingia. Lakini katikati ya nyakati hizo mbili palikuwa na upenyo mwembamba, na nilipouotea, simu yake iliita kumjulisha kuwa amelipa shilingi 5,000 huku skrini ikiendelea kung'ang'ania kwamba hakuna kilicholipwa. Alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hii huko mikoani itatokea kila siku." Alikuwa sahihi, kwa sababu upenyo ambao sisi tuliutafuta kwa kuchomoa waya, matawi yaliyoko mbali na mjini yangeupata bure kwa mtandao wao wa kawaida.

Hitilafu inayokuja na kutoweka ndiyo inayomweka mpimaji pabaya kuliko zote, kwa kuwa mtu asiyetaka kuiona anaweza kukutaka uirudie mbele yake, ukashindwa. Mfano ninaourudia mara kwa mara kwa vijana ninaofanya nao kazi ni wa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, ambayo kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita mionzi mingi kupita kiasi katika hospitali za Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, hitilafu ilitokea pale mwendeshaji mashine aliyezoea kazi yake aliporekebisha herufi moja kwenye skrini haraka kuliko programu ilivyoweza kufuatilia, ndani ya sekunde nane. Mtu mgeni na mwenye vidole vizito asingeliiona kamwe. Waliotengeneza mashine walikuwa wamesisitiza kwamba haiwezekani kumzidishia mgonjwa dozi, hadi mwanafizikia wa hospitali na mwendeshaji huyo walipokaa kwenye kibodi na kuandika upya, tena na tena, mpaka ujumbe uleule wa hitilafu ukatokea. Sehemu ya msimbo, yaani maandishi ya programu ya mashine hiyo, ilirithiwa kutoka kwa mashine ya awali, ambako vizuizi vya umeme na chuma viliificha kasoro. Mashine mpya ilipoondolewa vizuizi hivyo, programu ikaachiwa peke yake jukumu ambalo haikuwahi kupimwa kulibeba.

Nilipompelekea mkurugenzi wetu taarifa hii, hakunifokea. Aliniomba niketi.

"Mdogo wangu, hebu niambie, kitu hicho kinatokea mara ngapi?"

Nikamwambia sijui, na kwamba kutojua huko ndiko kulikonileta.

"Basi tutakirekebisha tukiwa hewani. Hakuna programu duniani isiyo na kasoro. Hao wakubwa wa Marekani wenyewe wanatoa leo, wanarekebisha kesho."

"Ni kweli, kaka. Lakini wao wakikosea, wana watu wa kupokea simu usiku. Sisi tuna mimi na vijana wawili."

Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa nikilijua bila kulitia maanani: awamu ya pili isipoingia mwezi huo, mshahara usingelipwa kwa wakati, ukiwamo wangu. Sikumwona kuwa mtu mbaya, na hata leo simwoni hivyo. Hoja yake kwamba hakuna programu isiyo na kasoro ni ya kweli kabisa, na mpimaji anayedai kila kitu kipimwe kabla ya chochote kutoka hajafanya kazi hii kwa muda wa kutosha. Kila toleo ambalo nimewahi kulipitisha lilikuwa na sehemu ambazo hazikupimwa. Mpaka niliouona mimi haukuwa kati ya programu iliyopimwa na isiyopimwa, bali kati ya kumwambia atakayeitumia kwamba sehemu fulani haijapimwa na kumficha.

Na hapo ndipo saini ilipoingia. Hati ya makabidhiano, iliyokwisha kuchapwa, ilikuwa na safu iliyosema kwamba upimaji wa miamala umekamilika na hakuna kasoro inayojulikana, na chini yake nafasi ya jina langu. Mkurugenzi alilichukulia jambo hilo kuwa la kiofisi tu, karatasi ya kuweka kwenye faili. Kwangu lilikuwa tofauti na mazungumzo yote yaliyotangulia. Kutoa programu yenye kasoro ni uamuzi wa biashara ambao yeye, kama mwenye kampuni, alikuwa na haki ya kuubeba, maadamu mteja anajua anachopokea. Kuandika kwamba kasoro haijulikani, ilhali nilikuwa nimeiona kwa macho yangu nikiwa chini ya meza, kungekuwa ni kumnyang'anya mteja haki hiyohiyo ya kuamua.

Nilijiuliza pia ni nani angelipa. Katika vyama na maduka ya kwetu, hesabu za jioni zisipolingana, swali la kwanza haliulizwi kwa kompyuta. Linaulizwa kwa keshia. Shoti ikionekana, inakatwa kwenye mshahara wake, na ikijirudia anaanza kuitwa mwizi. Katika mfumo wetu, mwanachama angekuja na ujumbe wa simu unaoonyesha amelipa, leja ingesema hajalipa, na katikati yao angesimama binti aliyeajiriwa juzi, asiye na njia yoyote ya kuthibitisha kwamba kilichokosea ni programu. Uingereza ilikwisha kuonyesha jambo hilo linaweza kufika wapi. Mfumo wa hesabu wa posta ulioitwa Horizon, uliojengwa na kampuni ya Fujitsu na kuanza kutumika mwaka 1999, uliwaonyesha mawakala wa posta upungufu ambao haukuwapo. Shirika la posta lilishikilia kwamba mfumo hauna tatizo, na kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine waliuza mali zao kuziba pengo ambalo halikuwa lao. Ilikuwa Desemba 2019 ndipo mahakama kuu ilipotamka kwamba mfumo huo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu huo, na Bunge likalazimika kupitisha sheria mwaka 2024 ya kufuta hukumu kwa pamoja. Ninapousoma mkasa huo, ninachokiona kibaya zaidi ya kasoro zenyewe ni jinsi watu waliotakiwa kuzijua walivyozikanusha kwa uhakika.

Sikutia saini. Lakini kukataa tu kungekuwa ni kumwachia mtu mwenye mishahara ya kulipa mlango mmoja uliofungwa, naye angetafuta mwingine wa kutia saini, na pengine angempata kabla ya chakula cha mchana. Usiku ule niliandika dokezo la kurasa chache ambalo halikuwa na neno hata moja kuhusu seva wala msimbo. Niliandika kwamba mwanachama anayelipa rejesho lake kutoka tawi lenye mtandao dhaifu anaweza kukatwa mara mbili, au kukatwa bila kuandikiwa; kwamba keshia hataweza kujua; kwamba risiti itakayotolewa haitakuwa ushahidi wa kutegemewa; na kwamba hatujui litatokea mara ngapi kwa sababu hatujawahi kujaribu kwenye tawi lolote nje ya mji. Kisha nikaandika ni sehemu gani tumezipima tukaridhika nazo: kuangalia salio, kutoa taarifa ya akaunti, kusajili mwanachama mpya. Nikapendekeza uzinduzi ufanyike siku ileile kwa sehemu hizo, malipo yaanze katika tawi moja lililo karibu na ofisi yetu, na leja za karatasi ziendelee kuandikwa sambamba mpaka hesabu za pande zote mbili zilingane kwa mfululizo.

Mkurugenzi alilisoma amesimama. Aliniuliza kama nina hakika mteja hatakasirika, nami nikamjibu kwamba mhasibu wa chama, mama mmoja mtu mzima ambaye hakupenda mzaha na fedha za watu, angekasirika zaidi akiligundua mwenyewe. Tulikwenda kwake pamoja. Yule mama hakuuliza chochote kuhusu teknolojia. Aliuliza, "Mwanangu, mtu akikatwa mara mbili, mimi nitajuaje?" Swali hilo moja lilizaa kazi ambayo kwa haki yake ilipaswa kufanywa tangu mwanzo: kila ombi likapewa namba yake isiyorudiwa, ombi lisilojibiwa likabaki katika hali ya kusubiri badala ya kufutwa, mfumo ukawa unauliza upya kwa kampuni ya simu kabla ya kumruhusu keshia kubonyeza tena, na kila jioni ikatoka orodha ya miamala ambayo pande mbili hazikukubaliana. Mgeni rasmi alibonyeza kitufe chake, salio likatokea kwenye skrini kubwa, watu wakapiga makofi. Malipo ya matawi ya mbali yalichelewa kwa miezi, na chama kilizuia sehemu ya fedha zetu kwa muda wote huo. Mishahara ilichelewa. Kuna mwenzetu aliyeacha kazi kwa sababu hiyo, na sidhani kama amenisamehe.

Ningependa simulizi hii iwe imeishia hapo, kwa sababu ingeonekana kana kwamba ukiandika dokezo zuri mambo hujipanga. Sehemu nyingine niliyofanya kazi baadaye ilinionyesha upande wa pili. Tulikuwa tukihamisha kumbukumbu za stoo ya dawa za zahanati kadhaa kutoka kwenye programu ya zamani kwenda mpya, na katika kukagua niligundua kwamba tarehe za kuisha muda wa dawa zilikuwa zikisomwa kwa utaratibu wa Kimarekani, mwezi kwanza na siku baadaye. Tarehe 15 au 28 hazikuleta tabu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, na programu ilijisahihisha yenyewe. Lakini dawa iliyoandikwa 04/11, yaani tarehe 4 Novemba, iligeuka kuwa ya tarehe 11 Aprili, na iliyoandikwa 03/08 ikageuka kuwa ya Machi 8. Kinyume chake ndicho kilichonitisha: dawa iliyoandikwa 12/05, inayoisha muda Mei, ilionekana kwenye orodha kuwa ni nzima hadi Desemba. Nilieleza, nikaandika, nikaambatisha picha za skrini. Jibu nililopata ni kuondolewa kwenye mawasiliano ya mradi, na toleo likapangwa kutoka Ijumaa jioni.

Hapo nilijifunza kwamba dokezo humlinda zaidi aliyeliandika kuliko mgonjwa. Ningeweza kulihifadhi na siku ya siku nikalitoa kusema, mniangalie mimi nilisema. Nilimweleza msimamizi wangu, ana kwa ana, kwamba mfamasia wa mteja akiniuliza nitamjibu ukweli, na kwamba ninamwambia mapema ili asije akadhani nimemzunguka. Alinikumbusha kifungu cha usiri kwenye mkataba wangu. Nilikijua, kilihusu siri za biashara, na sikuweza kujiaminisha kwamba tarehe ya dawa iliyooza ni siri ya biashara ya mtu. Mfamasia aliuliza Ijumaa ileile asubuhi, nami nikamjibu, naye akazuia toleo lisitoke. Mkataba wangu ulipofika mwisho haukuongezwa, na sababu iliyotolewa ni kupungua kwa kazi. Bado najiuliza ningefanya nini kama mfamasia asingeuliza. Kumpigia simu mteja nyuma ya mgongo wa mwajiri ni jambo zito, na sitamhukumu anayelishindwa. Lakini naamini kwamba pale ambapo kinachohatarishwa ni mwili wa mtu, na njia za ndani zimekwisha kufungwa, uzito huo unapaswa kubebwa.

Watu huniuliza kwa nini wataalamu wetu wasiwe na kinga kama ya wahandisi wa majengo. Jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam lilipoporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, maswali ya nani aliidhinisha na nani alisimamia yalikuwa na mahali pa kuelekezwa, kwa sababu ujenzi una bodi za usajili zenye uwezo wa kumfutia mtu leseni. Mhandisi anaweza kumwambia mwenye jengo kwamba akitia muhuri atapoteza riziki yake, na hiyo ni silaha. Programu haina muhuri wa namna hiyo. Ipo miongozo: mwaka 1999 vyama viwili vya kimataifa, ACM na tawi la kompyuta la IEEE, vilitoa kanuni za maadili za wahandisi wa programu, na mojawapo inamtaka mhandisi aidhinishe programu pale tu anapokuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba ni salama na imepita vipimo vinavyostahili. Ni kanuni nzuri, ila hakuna mkurugenzi niliyewahi kumtisha kwayo.

Kilichowahi kumgusa mkurugenzi ni habari ya benki ya TSB ya Uingereza, ambayo mwezi Aprili 2018 ilihamisha wateja wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya kwa mkupuo mmoja, ikaishia na watu wengi wasioweza kufungua akaunti zao. Benki ilitozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48 mwaka 2022, nayo hiyo kila mtu aliisoma kama habari ya benki tajiri. Ila mwaka uliofuata mamlaka ya kusimamia benki ilimtoza aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa benki hiyo pauni 81,620 yeye binafsi, kwa sababu hakujihakikishia vya kutosha kwamba kampuni iliyopewa kazi ilikuwa tayari. Niliwahi kuitaja faini hiyo kwenye kikao, na nikaona kalamu zikiwekwa mezani.

Siku hizi, kabla sijaangalia msimbo wa mradi wowote, naomba kwanza mkataba, nikatafuta ukurasa unaosema fedha zitalipwa lini na kwa ushahidi gani. Malipo yakifungwa kwenye siku ya sherehe, ninajua tayari ugomvi utakuwa wapi, na naomba yafungwe kwenye hesabu zilizolingana kwa mwezi mzima wa kazi halisi, pamoja na kiambatisho cha mambo yasiyopimwa ambacho mteja anakisaini yeye, si mimi. Wapo wanaokubali. Mteja wa mwisho niliyempelekea kifungu hicho alikisoma, akanishukuru kwa uaminifu wangu, akaipa kazi kampuni nyingine iliyoahidi kumaliza kabla ya mwaka wa fedha kufungwa.